Goli la Dakika ya Tisini na Nne

Bobbin Street 14,
Hollinsworth, Lancashire,
Uingereza.
13 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Hester,

Pokea salamu zetu, na pole kwa baridi ya huko, maana najua Agosti yenu ndiyo Januari yetu. Nyonga inaendeleaje? Mumeo Angus aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila mkongojo. Nilifurahi, ingawa namjua Angus, husema mambo ili watu wasiulize zaidi. Niandikie mwenyewe unipe ukweli. Mimi sijambo, ila goti ni lile lile. Kaka yako ni mzima wa mwili: anakula, analala, anakoroma. Yaliyobaki nitakueleza taratibu.

Nianze na la furaha. Mwanetu Kenton na mkewe Lorna wamepata binti, tarehe tisa Julai, kilo tatu na nusu, nywele nyeusi tele. Wamempa jina la mama yenu, Winifred. Najua umeshaanza kulia hapo ulipo. Lia kwanza, kisha uendelee kusoma, kwa sababu habari njema imeishia hapo.

Unakumbuka jinsi kaka yako Wilf na Kenton walivyokosana. Siku tuliyomzika mama yenu ndiyo siku timu yetu, Wafumaji, walikuwa ugenini wakitafuta kupanda ligi kuu, mara ya kwanza baada ya miaka arobaini na mitatu. Kenton alikuwa mmoja wa wajukuu sita wa kubeba jeneza. Asubuhi akaondoka na basi la mashabiki. Wewe ulifuatilia mazishi kwenye simu, ukaona mfanyakazi wa watu wa mazishi akibeba mahali pake. Wafumaji walipanda. Wilf hakusema neno na mtoto wake kwa miaka miwili.

Ila viti ni viti. Safu ya kumi na moja uwanjani, vitatu, vilivyoachwa na baba yenu. Anayeachia kiti kwetu siku hizi hakipati tena mpaka kufa, kwa hiyo hakuna aliyekubali kuondoka. Nikakaa mimi katikati na chupa ya chai, misimu miwili, kama ukuta wa mpakani.

"Mwambie mwanao atoe mguu wake."

"Mwambie mumeo mguu haujavuka kiti cha mama."

Hivyo, kila Jumamosi, huku nikitafuna pai yangu.

Sasa nije kwenye hii VAR, marefa wa video. Wewe uliondoka mpira ukiwa bado mpira. Siku hizi goli likiingia si goli. Refa anaweka kidole sikioni, anasimama kama anayehisi harufu ya gesi, na kuna watu wamekaa chumbani maili mia mbili kutoka hapa, wanachora mistari juu ya picha kutafuta ukucha wa nani umetangulia. Uwanjani hatuonyeshwi kitu. Tunasimama kwenye mvua na tunangoja. Msimu uliopita walitufutia magoli tisa. Moja lilifutwa kwa sababu ya kwapa, wifi, kwapa la mtu! Mzee Pilling anayekaa nyuma yetu, aliyezeeka na matusi yake, aliacha kushangilia tangu Novemba. Alisema hawezi tena kufurahi halafu aombwe airudishe furaha yake.

Siku ya mwisho, mwezi wa tano, tulihitaji ushindi ili tusishuke daraja. Mpaka dakika ya tisini ilikuwa bila bila. Watu walikuwa wameshaanza kutoka. Dakika ya tisini na nne tukapata kona, na yule beki wetu mrefu, Osgood, akaruka juu ya watu wote akapiga kichwa. Wavu ukatikisika mbele ya macho yetu.

Hester, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekaa, mara nikawa chini. Wilf aliruka kutoka kushoto, Kenton akaruka kutoka kulia, wakakutana juu yangu. Miwani yangu ilianguka, mmoja wao akaikanyaga, sikujali. Nilikuwa nimebanwa kati ya makoti mawili yenye unyevu, nikisikia mioyo yao ikidunda, na nikamsikia kaka yako akilia kwa sauti.

"Mwanangu! Mwanangu wee!"

"Nisamehe, baba. Nisamehe."

"Yameisha. Nilikusamehe zamani, mpumbavu wewe. Bibi yako angecheka mpaka meno yamtoke."

Nilimshukuru Mungu pale pale sakafuni, kwenye maganda na bia iliyomwagika.

Kisha uwanja ukanyamaza. Refa alikuwa ameweka kidole sikioni.

Dakika ya kwanza bado walikuwa wamekumbatiana. Dakika ya pili Mzee Pilling akaanza: "Wanatafuta nini? Wanapika chai? Haya, tafuteni, tafuteni, mtapata tu, hamjawahi kukosa!" Dakika ya tatu jukwaa zima liliimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika. Wilf alikuwa amemshika Kenton kwenye ukosi wa koti, na mimi niliyekuwa chini ya mkono ule niliuona ukilegea. Kidole kimoja kimoja. Ilipofika dakika ya sita ulikuwa umelala tu begani kwa mtoto, kama kitambaa alichokisahau mtu.

Skrini ikaandika: hakuna goli. Kuotea. Kidole cha mguu cha Osgood.

Watu walilia, watu walivunja viti. Wilf hakufanya hivyo. Aliondoa mkono, akanyoosha koti lake, akafunga kifungo cha juu, akasema kupitia juu ya kichwa changu:

"Basi na lile halihesabiki."

Kenton alidhani ni utani. Alicheka kidogo, macho bado yana machozi. "Baba?"

"Umesikia. Mtu husema mengi kwa goli la uongo."

Nilimwangalia kijana wangu wa miaka thelathini na nne akipokea hilo. Aliinama, akaokota miwani yangu, akanipa vipande viwili mkononi, akatoka. Filimbi ya mwisho ilipigwa hayupo. Tulishuka daraja, na sikumbuki lolote kuhusu kushuka huko.

Ungedhani dunia ingetuachia hapo. Jumatatu picha ikatoka gazetini. Mpiga picha alikuwa amewanasa wanaume wawili wakilia wamekumbatiana, na katikati yao utosi wangu. Wale majirani zetu wa Marsden Vale, waliobaki ligi kuu kwa sababu sisi tulishuka, wakaichukua wakaichora mistari miekundu, wakaandika juu yake: MAPENZI YAMEFUTWA. Ikazunguka kwenye simu za watu nchi nzima. Binti mmoja dukani aliniomba nipige naye picha.

Wilf ndiye aliyekoma. Alienda kwa Hindle, mwenye bucha, tunayenunua kwake tangu tuoane. Akaagiza soseji sita. Hindle akaweka kidole sikioni, akachora mraba hewani, akasema, "Subiri kwanza, mzee, tunakagua." Foleni nzima ikaangua kicheko. Wilf akazichukua soseji akamtupia Hindle usoni, zote sita, moja baada ya nyingine, na watu wakahesabu kwa sauti. Sasa tunanunua nyama mji wa pili. Kinyozi naye alijaribu utani ule ule. Wilf alitoka amenyolewa upande mmoja, akamalizia nyumbani kwa mkasi wangu wa kushonea, na alionekana hivyo hivyo unavyomfikiria.

Nilimwambia kila siku, nenda kwa mtoto. Alijibu kwamba aliyekimbia maziko ya bibi yake hafuatwi.

Lorna alipojifungua, mimi nilipigiwa simu, yeye hakupigiwa. Wilf alivaa suti bila kuulizwa, akanunua maua, akaendesha gari mpaka hospitali. Mlangoni mwa wodi nesi mmoja mchangamfu alituona, akamgeukia Kenton aliyekuwa amesimama na mtoto mikononi.

"Huyu ndiye babu?"

Kenton alimtazama baba yake kuanzia viatu hadi nywele zile zilizokatwa vibaya.

"Hapana," akasema. "Huyu ni mzee fulani tunakaa naye uwanjani."

Wifi, alisema kwa upole. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nesi alicheka, akidhani ni mzaha wa kifamilia, akamwelekeza Wilf kwenye benchi la wageni. Na Wilf akaenda, akakaa, maua magotini. Mimi niliingia. Nilimbeba mjukuu wetu saa nzima. Sikumtetea mume wangu hata kwa neno moja, na nakiri kwako kwamba nilijisikia vizuri.

Njiani kurudi nikamwambia jina la mtoto. Tulipofika mzunguko wa barabara akasema, "Aliukwepa mwili wa mama, sasa anachukua jina lake."

Hapo ndipo subira iliponiishia. Kuna jambo nililificha miaka miwili, nikidhani ni kwa heshima ya marehemu, na sasa nakuambia wewe kwa sababu alikuwa mama yako na una haki. Siku ile kaburini, mchungaji alipokuwa akisoma, mimi nilisimama nyuma ya Wilf, upepo ukainua kofia yake. Alikuwa na kile kidude cha redio sikioni. Alikuwa akisikiliza mechi. Mama yenu akishushwa, kaka yako aliinua ngumi kidogo, hivi, ubavuni. Watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa goli la kwanza.

Nilimwambia yote hayo garini, polepole, ili yaingie. Nikamwambia kwamba mtoto wake alikwenda mpirani waziwazi, mchana kweupe, na yeye alikwenda kwa kujificha chini ya kofia, juu ya kaburi la mama yake.

Alisimamisha gari kando ya barabara. Magari yakatupigia honi. Akazima injini, akasema:

"Lilikuwa sikio moja tu."

Nilicheka mpaka nikashindwa kupumua. Yeye hakucheka. Kisha akaniuliza mtoto anafanana na nani. Nikamwambia angejua kama angekuwa babu. Ndiyo, Hester, nilisema hivyo, na sijaomba radhi.

Jumamosi iliyopita ligi ilianza. Daraja la pili hakuna VAR, hawana hata umeme wa kutosha vyooni. Tulikaa viti vile vile, mimi katikati. Kenton alinisalimu mimi. Wilf alisafisha koo mara tatu kama gari lisilotaka kuwaka, nikajua alikuwa amejiandaa kusema kitu, pengine alikuwa amekariri wiki nzima. Alinong'ona, "Mwambie..." kisha akaishia hapo.

Dakika ya ishirini tulifunga. Goli safi, shuti la mbali. Refa akaonyesha katikati ya uwanja papo hapo, na watu elfu kumi na moja wakasimama wakipiga kelele, hata Mzee Pilling, akilia kama mtoto: "Letu! Letu! Hakuna wa kulichukua!"

Wanaume wangu hawakusimama. Wilf alikuwa anamkodolea macho mshika kibendera. Kenton alikuwa anaangalia sikio la refa. Mikono wameikaza magotini, wote wawili, kwa namna moja kabisa, kama waliozaliwa hivyo. Wakangoja. Mpira ukaanzwa tena, watu wakakaa, na bado walikuwa wanangoja.

Nisalimie Angus na umwambie aache kusema uongo kuhusu nyonga yako. Nisalimie mwanao Fergus na wanawe, na yule jirani yako wa asali. Lorna anakusalimu sana shangazi, na anakutumia picha ya Winifred ndani ya bahasha hii. Mungu akuimarishe mifupa na akupe usingizi mzuri. Ukimwandikia kaka yako, usitaje kaburi. Mwache afikiri hujui, hiyo adhabu nimemwekea akiba. Ukimwandikia Kenton, mwambie chochote.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata siku nisizopenda mtu mwingine,

Noreen