Kompyuta Iliyogoma Kuhama

Wasim wangu wa Maskati,

Sisi hapa Shangani tuzima, ila ofisi nzima inanuka ubani.

Mtambo unaosimamia ukuta wa ulinzi wa mtandao wa hoteli zetu ulizeeka, tukaletewa mpya. Nliandika programu ya kuzihamisha kompyuta zote, majina na ruhusa zake, kwa mkupuo mmoja, nisije nikachapa moja moja mpaka nikaota mvi. Bi Mashavu wa uhasibu aliposikia tunahama, akaingia na chetezo chumba cha mitambo. "Hamuhamii pahala hapajafukizwa!" Moshi ukaamsha king'ora, umeme ukajizima, programu ikafia njiani.

Nlipoiwasha tena zote zikahama, hata printa ya jikoni kwenye hoteli ya Bwejuu. Ikabaki kompyuta yako, uliyoiacha hapa ofisini. Programu niloiandika kwa mkono wangu ikaniuliza: "Haijatumika tangu mwaka jana. Nifute?"

Bosi kasema futa. Bi Mashavu kasema futa, chetezo bado kiko mkononi. Nimewaambia mwenyewe yuko likizo.

Mama yako keshaacha kunitajia harusi yetu. Mtambo wa zamani unazimwa Ijumaa, Wasim. Uje, au unambie kwa mdomo wako nifute.

Naznin, ambaye mpaka sasa hajafuta