Fahali wa Mbawa Nyuma ya Lori la Bi Raihana

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimepewa mnyama! Miaka kumi na mmoja napaka malori hapa yadini Shimanzi, karibu na bandari, na kazi zote ni maandishi: jina la kampuni, uzito, namba ya simu, KAA MBALI. Kila mtu anajua mkono wangu, mimi Wanza, ni wa herufi.

Kaja mama mmoja wa Mji wa Kale, Bi Raihana. Mumewe, Bwana Athman, alifariki mwaka jana akamwachia lori moja la bodi ya bati, kijani tupu. Akanionyesha picha kwenye simu. Sanamu ya jiwe: fahali mwenye mbawa, kichwa cha mtu, ndevu ndefu zimesukwa, kofia kama ya mfalme.

"Namtaka huyu, nyuma ya lori. Waweza?"

Nikasema naweza. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

Jumatano, 9 Julai

Saa ya chakula nimemtafuta huyu fahali kwenye simu mpaka chai ikapoa. Watu wa Ashuru, huko iliko Iraki leo, waliwachonga karibu miaka elfu tatu iliyopita na kuwasimamisha kwenye malango ya miji na majumba ya wafalme. Kazi yao kulinda.

Halafu nikaona jambo. Miguu mitano. Nimehesabu mara tatu. Ukimtazama kwa mbele amesimama, miguu miwili sambamba. Ukimtazama kwa ubavu anatembea, miguu minne. Fundi hakutaka anayepita upande wowote aone pengo, akaongeza mmoja. Nimempenda sana huyo fundi. Ningefanya hivyo hivyo.

Na lori nalo lina kona! Ubavu wa kushoto anatembea, mlango wa nyuma anasimama, mguu wa kwenye kona pande zote mbili zinagawana.

Alhamisi, 10 Julai

Dereva wa lori amekuja. Anaitwa Menza, mtu wa Kaloleni, mpole, jicho la kushoto limelala kidogo. Ameliendesha lori la marehemu miaka tisa. Amekuta nimeshapiga msasa na kuchora kwa chaki.

"Huyu anaelekea wapi?" akauliza.

"Nyuma."

"Kwa hivyo mimi naenda Malaba mpakani, yeye anarudi Feri."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainama kuhesabu miguu, akahesabu tena, akasimama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mzee Athman hakuwa mtu wa mapicha. Lori lake lilikuwa safi, halina hata jina. Lori hili likitoka hapa na jini mgongoni, Bi Raihana atafute dereva mwingine. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akaenda zake kwa miguu huku malori ya kontena yakimpigia honi.

Nimefuta mguu mmoja. Nikaurudisha.

Ijumaa, 11 Julai

Sikugusa brashi. Nimempigia Bi Raihana, nimemweleza. Akasema tuje kwake kesho alasiri, mimi na Menza. Sote wawili.

Jumamosi, 12 Julai

Nyumba ya Bi Raihana ni ya ghorofa, ngazi nyembamba, juu kuna baraza yenye upepo mzuri. Alitupa kahawa na mkate wa sinia. Menza alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa ofisini.

Bi Raihana hakuzunguka. "Menza, mwanangu, wasema Bwana hakupenda mapicha."

"Ndiyo, Mama. Namjua."

"Wamjua wa barabarani. Sikiza wa siku zake za mwisho."

Akatuhadithia. Walikwenda Mumbai kwa matibabu. Kila asubuhi walitoka walikofikia kwenda hospitalini, na njiani palikuwa na hekalu la Waparsi, wanaofuata dini ya kale ya Uajemi, mlangoni kuna mafahali hawa wa mbawa. Bwana Athman alikuwa amechoka, hatembei hatua hamsini bila kupumzika, na kituo chake cha kupumzika kikawa hapo, mkabala na hao mafahali. Siku moja akamwambia mkewe, "Huyu angekaa nyuma ya lori langu, nani angethubutu kugusa turubai?" Akacheka mpaka akakohoa. Siku ya pili akasema tena. Tangu hapo kila asubuhi walipofika pale alikuwa akimpangia kazi: leo yuko Mlolongo kwenye mizani, leo amelala Salgaa na madereva, leo amemkaripia askari. "Na kila safari," Bi Raihana akasema, "alisema, nimemwacha na Menza, hapana wasiwasi."

Menza aliweka kikombe chini. Nje mtu alikuwa anauza samaki, anaita.

Nikauliza, kwa sababu ilinibidi niulize, kama dini haina neno. Akasema kaka yake atanuna, na yeye mwenyewe amelifikiria sana. "Lakini huyu hajaumbwa popote, mwanangu. Ni mzaha wa mume wangu. Ila uso, tafadhali, usifanane na wa Bwana. Hilo sitaki."

Tulipotoka, Menza alinisindikiza hadi barabara kuu. Njia nzima alisema neno moja tu. "Mlolongo." Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbili za raha. Mbawa zimekubali. Kila unyoya nimeupiga mara moja, bila kurudia, kama herufi. Kumbe ni mkono ule ule. Nicanor, fundi wa kuchomelea tunayepakana yadini, aliacha kazi yake kuja kutazama, akasema sasa ameamini nimesoma. Nilisoma wapi?

Menza anakuja kila mchana. Husema anaangalia tairi. Anakaa kivulini, ananihadithia mzee wake, mimi napaka. Leo alinishikia ngazi. Kesho anakwenda nyumbani Kaloleni, atarudi Ijumaa kupakia.

Jumatano, 16 Julai

Uso. Kutwa nzima uso tu. Nilikuwa na picha moja ya Bwana Athman niliyopewa na Bi Raihana, ili nijue cha kukwepa. Pua yake ndefu, nikaifanya pana. Mashavu yake membamba, nikayajaza. Ndevu nimezisuka kama za kale. Saa kumi na moja nikateremka ngazi, nimeridhika kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Nicanor kaja na chai yake asubuhi, katazama, kasema, "Menza amelipa ngapi?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole. Jicho la kushoto limelala.

Naapa sikukusudia. Nilikwepa uso mmoja nikaangukia mwingine. Nilikaa chini. Nicanor anasema mtu hupaka anachokitazama, na wiki hii nzima anajua nilikuwa natazama wapi. Nimemwambia arudi kwenye vyuma vyake.

Nilikuwa nimeshachukua brashi nifute Bi Raihana alipoingia. Akasimama mbali, akakaribia, akafunika mdomo kwa mtandio. Nikaanza kuomba radhi.

"Usimguse," akasema. "Bwana alisema kamwacha na Menza."

"Mwenyewe hajui, Mama."

"Basi mwenyewe aseme."

Ijumaa, 18 Julai, saa tatu asubuhi

Naandika hapa hapa yadini, nimekalia debe. Menza amefika. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yamepotea, nimesema tu asiguse, vanishi mbichi. Alianzia ubavuni, taratibu, akipita mbawa, kisha akakata kona.

Amesimama nyuma ya lori. Dakika tano sasa. Nicanor amezima mashine na wala hajifichi kwamba anatazama. Akisema nifute, nitafuta. Kopo la kijani lipo wazi miguuni pangu. Nitafuta, lakini sitapaka tena mwingine kama huyu.

Ametoa simu. Anazungumza na dada yake wa Mariakani, kwa Kigiriama, lakini kwa miaka yangu hapa nakisikia vya kutosha. Anamwambia saa kumi atoke dukani asimame kando ya barabara, atapita polepole. Dada anauliza kitu. La, anasema, usinipungie mkono nikija. Ngoja nikishapita. Tazama nyuma ya lori. Awaite na watoto.

Amekata simu. Bado amenipa mgongo, anajifuta uso kwa kiganja.

Sasa anageuka.