Bi Rukia Aliukalia Mkono Wake

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ukumbi wetu wa Kisauni, ulio juu ya duka la magodoro, umevuja tena kwenye kona ile ile. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukapona, maana kulala nalala, na naamka nikiwa nimechoka zaidi. Wiki nzima nimejiuliza kama kundi hili la wanafunzi liwe la mwisho kwangu.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kuwafunza washauri nasaha: watu wa kukaa na mwenye huzuni, hofu au hasira mpaka kitu kibadilike ndani yake, na kibaki kimebadilika. Hilo la kubaki ndilo gumu. Kumtuliza mtu kwa leo kila mmoja anajua, na sisi wa Pwani ndio usiseme. Mtu akidondosha chozi moja, tayari shangazi zake wamemzunguka: nyamaa, usilie, ndiyo kadari ya Mungu, shika maji unywe. Anakunywa, ananyamaza, anashukuru. Wiki ijayo anarudi na huzuni ile ile, haijapungua hata chembe.

Darasani huwaambia ni kama wali wa kupalia. Ukishaweka makaa juu ya kifuniko, toa mkono. Anayefunuafunua sufuria atakula mchele.

Leo ulikuwa mtihani wa Bi Rukia.

Bi Rukia alisomesha madrasa miaka mingi kule Likoni, na ni mkubwa kwangu. Kila asubuhi nampa shikamoo kwa heshima zote, kisha naketi nimsahihishe makosa. Sijazoea bado. Nimeshamwangusha mara mbili kwa kosa moja tu, nalo ni huruma yake. Hawezi kuona mtu analia. Mkono wake hufika kwenye gilasi ya maji kabla chozi halijafika shavuni, na maneno ya subira yanamtoka matamu mpaka unatamani kufiwa tena. Kanuni zetu haziruhusu mara ya nne. Angeanguka leo, ndiyo basi tena, na kwao kuna wanawake ambao, wallahi, hawatamfungulia mlango mshauri mwingine yeyote.

Katika mtihani mimi ndiye ninayejifanya mwenye shida. Nina kisa changu cha kubuni, nimekitumia miaka: dada yangu amekwenda Uarabuni kufanya kazi, na hapigi simu. Sina dada. Lakini nakijua kisa hicho vizuri, najua wapi sauti ikatike na wapi machozi yatoke. Wanafunzi wengine huketi ukutani wakatazama.

Nikaanza. Nikafika pale pa kulia, nikauona mkono wa Bi Rukia ukienda kwenye gilasi, nikavunjika moyo, maana nilitaka sana afaulu. Kisha mkono ukarudi. Akaukalia. Naam, aliukalia kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa halua ya wageni.

Nikasema, kama kisa kinavyotaka, "Labda amenisahau."

"Amekusahau," akasema polepole.

Pale ndipo wanafunzi wote huharakisha kusema neno, neno lolote. Yeye hakusema. Matone yalikuwa yakianguka kwenye ndoo pale konani. Alinitazama kwa upole, bila haraka, na nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mama hakunijua."

Hilo halimo kwenye kisa.

Mama yangu alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Siku zake za mwisho alikuwa ameshasahau kila kitu. Mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha uji kwa kijiko, na kila mara alinishukuru kwa adabu zake zote: "Ahsante, binti wa watu. Mamako amekulea." Kisha huniuliza mwanawe atakuja lini.

Kwenye matanga niliwapokea watu, nikawamiminia kahawa, nikawaambia wao ndio wawe na subira. Walinisifu kwa imani yangu. Lile la binti wa watu sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Bi Rukia hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba mbele yake ameketi mtu, na mtu huyo ana kitu kinachotaka kutoka. Akasogea mbele kidogo, akangoja. Neno la pili lilikuwa tayari ulimini.

Nikatazama saa ya ukutani, nikasema muda umekwisha.

"Bado, Mwalimu," akasema Bi Rukia, kwa sauti ndogo.

Nikainuka hata hivyo. Wanafunzi wakapiga makofi, wakasema leo Mwalimu ameigiza mpaka nywele zimewasimama. Nikacheka nao. Kisha nikaichukua ile gilasi ya maji, nikainywa yote.

Amefaulu. Nimempa alama za juu, na anazistahili.

Tulipokuwa tukishuka ngazi alinishika mkono, hakuuachilia mpaka chini barabarani. Nilingoja aniambie, "Subiri, mwanangu." Hakuniambia. Ni mimi niliyemfunza asiseme, na leo nilikuwa na hamu ya neno hilo kuliko kitu chochote duniani. Angelisema, ningelishukuru, na ningelirudi nyumbani vile vile nilivyo.

Kwa hiyo sasa naujua uchovu huu ni wa nini. Hauna uhusiano na ngazi wala na mvua, na kuacha kazi hakutauondoa.

Sisi washauri nasi tunao washauri wetu, ndiyo desturi ya kazi. Wangu ni Bi Salma, anakaa Mkomani. Tangu matanga amekuwa akinijulia hali, nami kila mara namjibu mzima, alhamdulillahi. Leo baada ya Magharibi nimempigia simu mwenyewe. Nimemwambia nitakuja kesho, baada ya swala ya Ijumaa, na nimemwomba asiweke maji mezani.