Mkanda wa Shaba Mkononi Mwako

Baba Kulwa,

Wanaowaandikia marehemu wao huanza kwa mahaba. Mimi nimeandika jina lako, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunawa mikono, ndipo nikarudi. Tumeishi miaka kumi hapa Kagongwa tangu siku ile, na kila nilipotaka kukwambia ulivyonichefua uliinuka ukaenda kilabuni. Sasa huinuki. Nisikilize.

Unakumbuka msimu ule wa kuchuma pamba. Mama yangu alikuja kutusaidia, na asubuhi mapema nyoka, kifutu, akamuuma kisigino. Tukamlaza kwenye mkeka, mguu unavimba huku tunautazama. Hospitali ilikuwa Kahama. Pikapu yako ilisimama uani, umetoka nayo Isaka jana yake, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba nimeolewa na mwenye gari. Nilishukuru kwa sauti. Hadi leo nikikumbuka shukrani ile najisikia kinyaa.

Ukazungusha ufunguo. "Ka!" Basi. Ukazungusha tena. "Ka!" Injini haikutikisika.

Jirani yetu Masanja akaja mbio. Akasugua vichwa vya betri kwa majivu, akavimwagia maji ya moto, akagonga stata kwa nyundo. "Ka!" Akawasha taa, zikang'aa, na ulipozungusha ufunguo hazikufifia hata kidogo. "Betri ina moto," akasema, "ila moto haufiki kwenye stata." Tukasukuma, mchanga wa uani ukameza magurudumu. Wewe ulisimama mbali na mkeka, eti mkwe haangaliwi mguu. Heshima ilikujia vizuri sana siku hiyo. Kisha ukanionyesha kwa kidevu, mbele ya watu.

"Jana huyu alikaa kwenye usukani. Gari limesusa."

Nilikuwa nimekaa humo kuwanyonyesha mapacha wako, kwa sababu ya kivuli.

"Gari lina betri, Baba Kulwa," Masanja akasema. "Halina roho."

Nikajifunga kanga, nikaingia uvunguni. Miaka miwili nilikuwa nakushikia spana, nilijua kila kitu kinakaa wapi. Ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaofunga injini na chasisi ili moto wa betri upite, haukuwepo. Badala yake palikuwa na waya wa chuma wa kufungia marobota ya pamba, umeungua, umekatika vipande viwili. Nikatoka niulize nani kafanya ujinga huu. Wewe ulikuwa umeinama kuokota nyundo, mkono wa shati ukapanda begani. Mkanda ulikuwa mkononi mwako, juu ya kiwiko, umezungushwa na kupakwa samli hadi unameremeta.

"Vua," nikasema.

"Mama Kulwa, taratibu. Mganga wetu wa ngoma ameshaufanyia dawa. Shaba inayoamsha injini itaamsha uwanja mzima. Mkanda ukirudi kwenye gari kabla ya mashindano ya ngoma Jumamosi, dawa imekufa."

"Mama anakufa."

"Mkokoteni si upo? Ng'ombe wa Masanja wana nguvu."

Sijui kama uliwahi kuyasikia maneno yako mwenyewe. Mimi nimeyasikia kila siku, nikikuandalia ugali, nikikufulia shati. Ulijua tangu "ka" ya kwanza. Ulimwacha Masanja aungue vidole na maji ya moto, ukanisingizia mimi, na wakati wote huo dawa ya gari ilikuwa chini ya mkono wa shati lako. Ulikuwa mtu mzima mwenye watoto, na ulichohofia ni kwamba watu wa upande wa pili wangekushinda kucheza.

Masanja alifunga ng'ombe bila kukutazama. Tukaenda, mama akitapika mapajani mwangu, njia nzima vumbi na nzi. Jua lilishapita utosini ulipotufikia na pikapu. Baba yako alikuwa amekutishia laana, ndipo ukaufunga mkanda mahali pake. Ukashuka unatabasamu.

"Unaona? Limewaka mara moja."

Daktari alimkata mama mguu chini ya goti. Alisema tungewahi asubuhi ungepona. Jumamosi uliufungua tena mkanda, ukaenda kucheza, upande wenu ukashinda, ukarudi umebebwa juu juu, ukaomba maji ya kuoga. Nikakuchemshia. Hapo nilijichukia mwenyewe kuliko nilivyokuchukia wewe.

Tangu hapo mkanda haukutoka tena mkononi mwako, gari likawa linaamkia waya wa kubahatisha. Mama alibaki kwetu. Hakukulaumu hata mara moja. Kila asubuhi alijikongoja hadi mlangoni na mkongojo wake, akakuuliza kwa adabu zote, "Mkwe, gari limeamka?" Nawe ukajibu, "Limeamka, mayu," ukitazama chini. Hilo peke yake ndilo lililonipa faraja katika nyumba hii.

Ulipokata roho, ndugu zako walisema uzikwe na shaba yako, maana ndiyo iliyokupa jina. Kabla hawajaja kukuosha niliufunga mlango, nikakuvua mkanda. Ulikuwa umeingia kwenye nyama, nikauvuta hata hivyo. Nilisema mkanda umepotea, wakapekua nyumba nzima, wakachoka. Umezikwa mkono mtupu.

Baada ya matanga niliusugua kwa mchanga hadi harufu ya samli ikaisha. Masanja akaukaza kwa spana mahali pake, kwenye gari ulilosema limenisusa. Jana nilimpandisha mama kiti cha mbele, mkongojo katikati ya magoti, nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo.

Sikulazimika kurudia. Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza injini kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, kana kwamba umesimama pale dirishani:

"Mkwe, limeamka."

Sijakusamehe. Lala.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Kulwa