Kiraka cha Ng'oavisiki

Jumatatu, 7 Desemba 1998
Jenereta ya ofisi imewashwa, nimeanza kujaribu kuchapa hati za mbegu za mpunga. Kila kijiji na hati yake. Printa imeruka Ng'oavisiki. Nimerudia. Imeruka tena, kimya, kama kijiji hakipo. Bila hati stoo haitoi mbegu, hata ujuane na mtunza stoo.

Jumanne, 8 Desemba
Nimelijua tatizo. Ni ritifaa, kile kimkia cha juu kwenye ng'. Programu tumenunua kwa kampuni ya Dar, lakini kipande kinachotafuta majina wao nao wamekichukua kwa watu wa Ulaya. Kikikuta ritifaa kinadhani jina limeisha. Kinabaki na "Ng", na kijiji cha Ng hakuna.

Bosi anasema niitoe tu, niandike Ngoavisiki. Bi Siwatu, mwenyekiti wa wakulima wa huko, alikuwepo, kaja kuulizia mbegu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, babu zetu waling'oa visiki pale. Ngoa si wivu huo? Sasa ndo mtuandike wivu wa visiki?" Bosi naye akacheka. Ritifaa sitoi.

Alhamisi, 10 Desemba
Bahati nzuri kipande kilikuja na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiongoza kompyuta, kwenye diski. Nimekifungua. Nimeongeza mstari mmoja, kiraka tu: ukikuta ritifaa katikati ya jina, endelea kusoma. Ng'oavisiki imetoka. Nimefurahi kama mjinga. Hati zenyewe zitachapwa Jumatatu, gari la mbegu likija.

Ijumaa, 11 Desemba
Fadhili, fundi wa ile kampuni ya Dar, kaja na toleo jipya la programu. Linarekebisha jumla za kilo. Nilimwambia kuhusu mstari wangu. Sawa, sawa, akasema. Alikuwa na haraka ya basi. Nikaitwa stoo, kurudi ameshaondoka. Nilitaka kuangalia alichofanya, ikaja habari: mjomba amefariki Chumbi. Naondoka sasa hivi.

Jumatano, 16 Desemba
Nimerudi kutoka msibani. Gari lilikwenda Jumatatu. Ng'oavisiki hawakupata kitu. Toleo jipya limefuta kiraka changu na kurudisha kipande kilivyokuwa. Bosi alichapa hati, hakukagua. Nina hasira na Fadhili. Na bosi. Na mimi mwenyewe zaidi, maana ni mimi peke yangu niliyejua, nikaondoka bila kumwachia mtu neno.

Mvua imeshika kweli. Nimetia mstari upya kabla hata ya kula. Hati ipo mkononi. Gari hakuna mpaka wiki ijayo.

Jumanne, 22 Desemba
Ramadhani. Jana nilikwenda na mbegu mwenyewe, gari likakwama njiani, tukafika tumechoka na saumu zetu. Mpunga wa bondeni lazima uote kabla maji hayajapanda. Bonde la Bi Siwatu lilikuwa limeshajaa. Atapanda shamba la juu tu, ambalo halifiki hata nusu ya lile.

Nikajaribu kumweleza habari ya ritifaa. Nimesimama kwenye tope, naeleza ritifaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hao wa Ulaya hawajui kama tupo," akasema. "Waambie basi." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana imeniuma.

Leo nimewaandikia faksi, na mstari wangu nimeuambatisha. Bosi ataituma akienda Dar.

Jumatano, 17 Machi 1999
Diski imekuja. Toleo jipya la kile kipande, kutoka kwa hao wa Ulaya wenyewe. Safari hii nimefungua kuangalia kabla ya kuweka chochote. Ritifaa wameishughulikia. Si kwa maneno yangu, lakini kazi ni ileile. Nimejaribu bila kiraka, jina limetoka zima. Mstari wangu nimeufuta. Sasa kila anayetumia kipande hiki, popote alipo, ataandika ng' bila shida.

Bondeni kwa Bi Siwatu hakuna mpunga mwaka huu. Nimezima kompyuta.