Mama Athieno, Mashine Haikuona Picha Yako

Dada yangu mdogo, mama Athieno,

Naandika kwa kalamu kwa sababu sauti yangu ya simu hutaki tena kuisikia. Wiki ya tatu hii. Naona ujumbe umefika na hujaufungua. Uko huko Arabuni unalea watoto wa watu, mimi niko hapa Busia na wako, na hunijibu! Basi soma. Binti wa jirani ataipiga picha karatasi hii, mbele na nyuma, akutumie.

Unakumbuka Nagongera, siku za soko? Ulikuwa unakaa juu ya gunia la muhogo mkavu, mimi nikikusimulia nilivyovuka Mto Malaba na fahali mabegani. Ulikuwa na miaka saba tu, ukaniuliza, "Kaka, mbona jana alikuwa mbuzi?" Mama akacheka mpaka akaangusha mizani. Hata wakati ule ulikuwa unanikamata. Na mbuzi, kwa kweli, nilivuka naye. Maji yalinifika magotini.

Nakumbuka pia asubuhi uliyoondoka. Athieno alikuwa na miaka minne, hajasema neno hata moja. Ulipiga makofi mbele ya macho yake, ukaimba, ukacheza. Yeye akaangalia ukuta. Ukasema, "Ukuta anaujua kuliko mimi." Kisha ukakusanya picha zako zote ukazitia kwenye begi.  

Sasa nakueleza ya Tororo, na mara hii chumvi naitoa.

Wataalamu walikuja kwenye kituo cha afya kupima watoto wasioongea. Walinipigia simu: mtoto aje na nywele zilizooshwa, zimeachwa wazi, bila mafuta. Nikajibu "najua, najua" kabla hawajamaliza. Kumbe sikuwa nimesikia kitu. Nikaona aibu kumpeleka mtoto wa ukoo wetu mbele ya madaktari na kichwa kama kiota. Nikavuka naye upande wa Kenya kwa msusi, akamsuka mistari midogo iliyobana, nikampaka mafuta mpaka inzi angeteleza. Wanawake wa sokoni wakanipigia kelele, "Mjomba, unakwenda kumwoza?" Nikatembea kifua mbele.

Dada mmoja wa wale wataalamu, mwenye mashine ya kupima kichwa, alipomwona akashika kiuno. "Mzee, hivi vifungo vya mashine lazima viguse ngozi ya kichwa. Nani amemsuka?"

"Mtaalamu wa Kenya," nikasema.

"Basi mtaalamu wa Uganda atamfumua." Akanipa kitana.

Nilifumua kuanzia saa nne mpaka wenzetu wakaenda kula mchana. Vidole vyangu vimezoea nati za baiskeli, si nywele za mtoto. Unajua hataki kuguswa kichwa. Mwanzoni alilia, akanipiga mateke, watu wakanitazama kama mwizi. Kisha akachoka, akalaza shavu kwenye goti langu. Nikaendelea, mstari kwa mstari, naogopa hata kukohoa. Miaka miwili nakaa naye, sijawahi kupewa shavu lile. Tukamwosha kwa sabuni bombani mara mbili.

Wakamvika kofia yenye vifungo vingi na nyaya, nikampakata mbele ya kioo cha kompyuta. Nilitaka kukataa, nikasema hakuna atakayempiga mtoto wangu umeme. Yule dada akacheka. "Hatumtii umeme, mzee. Kichwa chake kina umeme wake, kidogo mno. Sisi tunausikiliza tu."

Zikaja picha. Kuku, kikombe, kiatu, uso wa mtu. Halafu picha zilezile zimekatwakatwa na kuvurugwa, rangi ni ileile lakini huoni kitu. Zinakuja, zinapita, zinarudi, mpaka mimi mwenyewe nikasinzia. Athieno hakusinzia. Baada ya siku chache wakaniita. Yule dada akanionyesha mistari kwenye karatasi, akasema, "Ubongo wa mtoto huijibu picha yenye maana tofauti na ile iliyovurugwa. Kwake tofauti ipo. Inachelewa kidogo, lakini ipo."

Nikamuuliza, "Basi anawaza nini?"

"Hiyo mashine haijui."

"Ataongea lini?"

"Hiyo pia haijui. Inachosema ni kwamba picha haziingii bure."

Ni hayo tu, mama Athieno. Na yalitosha! Yangekutosha hata wewe. Lakini mimi nikatoka pale nikaona ni madogo, nikakutumia ule ujumbe kwamba waliweka picha yako, mashine ikataka kuungua, taa za Tororo zikazimika. Ukanijibu, "Picha yangu umeitoa wapi? Nilizichukua zote." Halafu ukaongeza, "Hata mtoto wangu umemfanya hadithi." Tangu hapo, kimya.

Neno lile linanichoma mpaka leo. Nimeukasirikia mdomo wangu kuliko siku zote. Lakini na wewe nimekukasirikia! Ulinikamata kwenye uongo mmoja, ukatupa na ukweli uliokuwa ndani yake. Picha yako haikuwekwa. Kama anakukumbuka, sijui, na yule dada pia hajui. Kuku na kikombe ndivyo ninavyovijua.

Tororo kuna darasa la watoto kama yeye, na mwalimu amekubali kumpokea muhula huu. Nimemweleza yote, akaniambia, "Mjomba, hapa nataka neno la mama." Mwisho ni Ijumaa. Baada ya hapo nafasi ni ya mtoto mwingine. Wewe ulishasema akae tu nyumbani na kuku wangu, kwamba hamna kitu ndani ya kichwa chake. Nani alikuambia hamna kitu? Ukuta?

Usiniamini mimi. Nyuma ya karatasi nimeandika namba mbili. Ya kwanza ni ya yule dada wa mashine. Muulize mwenyewe, mimi sitakuwa karibu kuchangia hata neno. Ya pili ni ya mwalimu.

Ujitunze huko kwenye joto, na ule vizuri. Mpigie mwalimu kabla ya Ijumaa. Matusi yangu niwekee Jumamosi, nitapokea simu.

Kaka yako,
mjomba wa Athieno