Mlenda wa Miiba

Xiaobei, Guangzhou,
China.
9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Jovitha,

Shikamoo shangazi yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeanza kukubali dawa. Mvua zimenusa Mpwapwa au bado? Na yule kuku mwekundu, ameshaangua? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ulisema simu haina mahali pa kuiweka mtu akitaka kuisoma tena. Abass, mfanyabiashara wa viatu anayerudi Dar keshokutwa, amekubali kuibeba.

Kwanza naomba radhi kwa ile simu ya Jumatano. Nililia mpaka ukawa hunisikii, nikasema nataka kurudi nyumbani. Najua umeshafagia chumba cha uani na kutandika. Cornel naye nilimwambia, wala hakunigombeza. Alisema nifikiri mpaka Jumapili, yaani leo, nikisema ndiyo atanikatia tiketi.

Usidhani mume wangu amenikosea, shangazi. Miezi miwili na nusu ya ndoa, na bado akiniita jina langu moyo unaruka kama siku ile ya kwanza aliponisubiri nje ya kanisa akijifanya anafunga kamba za viatu. Ana sauti nzuri jamani. Ana namna ya kucheka akiangalia chini. Nikianua mashati yake nayanusa moja moja kama mwehu.

Shida ni kwamba ninaishi na hayo mashati. Yeye yuko mji wa Yiwu, wiki ya tatu sasa, anasimamia mzigo upakiwe. Mimi nahangaika na magauni ya oda huko soko la nguo la Shahe, nabembeleza bei kwa laoban, mama mwenye duka, ambaye jibu lake kwangu ni meiyou tu, hakuna. Nikirudi nikafunga mlango, sauti ya binadamu imekwisha mpaka kesho yake. Juzi nilijikuta naiaga lifti.

Majirani ninao wawili tu wa kusema nao. Mmoja ni Swalha wa Unguja, anakaa ghorofa ya chini yangu. Mwingine ni mama wa Kimeksiko, Rosaura, mtu mzima wa rika lako, ananunua vitambaa kule Zhongda. Huyu tunazungumza kwa simu inayotafsiri, kila mmoja anaisemesha halafu tunaisubiri kama mkalimani wa mahakamani.

Rosaura ndiye aliyeniambia kwamba mwanamume anayerudi safari apikiwe nguruwe na dungusi. Ndiyo, shangazi, dungusi hili hili la majani bapa kama kandambili, lenye miiba. Sokoni hapa wanaliuza limeshakwanguliwa. Akanieleza yote: nyama uichemshe na kitunguu na saumu mpaka ilainike, nyanya za kijani usage na pilipili na giligilani, rojo hilo ulikaange kwenye mafuta ya ile nyama. Dungusi ulikate vipande, ulipike pembeni. Cornel alikuwa afike leo saa saba mchana, na unamjua Mchaga na nguruwe. Nilitoka kanisani mbiombio.

Sasa nisikilize nilichofanya. Dungusi lilipopata moto likaanza kutoa ute. Shangazi, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikafungua kile kifundo cha magadi ulichonifungia kwenye kona ya khanga siku mliyonifunda, nikatia kidogo, nikakoroga. Likavutika! Sijaona mlenda wa Dodoma uliovutika vile. Nikaumimina wote kwenye nyama, najisifu peke yangu jikoni.

Rosaura akaja kuonja. Akainua mwiko, uzi ukamfuata mpaka kiwikoni. Akaiuliza simu nimefanya nini. Nikaijibu simu kwamba kwetu ute ndio unaotafutwa. Simu ikamwambia, naye akasema kwao ute ndio unaomwagwa. Alicheka mpaka akakalia gunia la mchele. Kisha akala bakuli zima, akaondoka na jingine.

Swalha naye alipita, akasimama mlangoni na pua yake ameishika. "Mie leo nakusalimu kwa mbali, shoga. Mimi na sufuria lako hatujuani." Nikacheka, lakini aliposhuka ngazi nikatamani angekaa hata hapo hapo kizingitini.

Nilishaweka sahani mbili mezani Cornel alipopiga. Mzigo haujatimia. Siku kumi nyingine.

Sikulia, shangazi. Nikageuza simu nikamwonyesha sufuria. Unakumbuka dada zake walivyonitania kwamba kaka yao hatagusa mlenda wa Kigogo, na yeye mwenyewe akasema atakula chochote nitakachopika ila huo? Nikainua mwiko, uzi ukapanda nao. Akautazama. Nyuma yake niliona kitanda cha hoteli na kopo la tambi za kumwagia maji ya moto.

"Yustina, niwekee."

Nikamwambia umekuwa mlenda.

"Nimeuona. Niwekee hivyo hivyo."

Nimemwekea kwenye kopo, nimelitia kwenye friza, nimeandika juu jina lake kwa kalamu nzito, kana kwamba humu ndani kuna mtu mwingine wa kulichukua. Aliponiuliza habari ya tiketi nikamwambia asikate.

Usifikiri nimekuwa jasiri. Naandika haya huku natazama kiti chake kitupu na sahani yake safi ambayo sijairudisha kabatini, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikinguruma. Huko Mpwapwa ningekuwa na ninyi nyote, tungecheka mpaka mbavu ziume. Ila ningepika, nikapakua, na kopo lile lisingekuwa na jina la mtu. Sasa lina jina.

Kwa hiyo chumba cha uani mpe binamu yangu Kissa, alale karibu na shule. Na mtu yeyote akija China, mfungie magadi, shangazi, yamebaki ya kupika mara moja tu.

Msalimie sana kaka Shedrack na watoto wake. Kissa mwambie asome. Mungu akulindie hilo goti lako, akujalie mvua ya kutosha shamba lako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata huku mbali,

Yustina